Kanuni ya Kunawa

Siku ya kumpanua Gwamaka, mama yake alifika kituo cha Kitulo na suruali mbili, kwa sababu hakujua kama mwanawe atatoka amenenepa au amekonda. Hakuna aliyejisumbua kumwambia kwamba mwili uliolazwa kwenye droo za baridi haunenepi wala haukondi. Alizikunja vizuri, akaziweka mapajani, akaketi kwenye benchi la wanaosubiri na kuukodolea macho mlango wa chuma.

Huko kwao Rungwe walikuwa wamemwita Mama Lwitiko tangu alipojifungua mara ya kwanza. Mwaka uliopita Lwitiko, huyo mwanawe wa kwanza, alikataliwa na mashine, na majirani wakalihamishia jina lake kwa mdogo. Wakaanza kumwita Mama Gwamaka, naye akaitika. Angefanyaje? Aliyezaa mtu aliyekataliwa na mashine haulizwi anapenda kuitwa nani.

Kosa la ndugu hao wawili lilikuwa kupanda mbegu ya viazi ya kampuni bila kibali. Ni hilo tu, usitafute lingine. Enzi zile magereza yalikuwa yamefungwa yote, kwa maelezo kwamba mfungwa anakula, anaugua, anapiga kelele, na wakati wa baridi anadai blanketi. Badala yake mtu alibanwa. Akili yake yote ilinaswa, ikakunjwa ikawa mstari mrefu wa namba, na mstari ukawekwa ghalani. Mwili ulishushwa kwenye droo chini ya ardhi, huko kwenye nyanda za juu ambako baridi ni ya bure. Adhabu ikiisha, mstari ulifunguliwa ukawa mtu tena, na mtu akarudishiwa mwili wake. Serikali iliita huo ni ubinadamu, na kusema kweli gharama zilipungua sana.

*

Mhandisi Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke, Subilaga Mwaisumo, mtu mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi. Asubuhi ile, kabla hata Mama Gwamaka hajateremka kwenye gari, alikuwa tayari amefanya jambo ambalo lingemfukuzisha kazi. Kituo kilikuwa kimeletewa mashine mpya, yenye kumbukumbu kubwa kiasi cha kumeza mtu mzima kwa mkupuo mmoja. Lakini mashine hiyo ilikuwa imezungushiwa utepe mwekundu ikimsubiri Waziri, na Waziri alikuwa na ratiba ngumu. Mpaka atakapokuja na mkasi, ilikatazwa hata kuiwasha.

Subilaga aliiwasha. Alikuwa na hamu nayo kama mwanamke mwenye kitenge kipya anavyokuwa na hamu ya Jumapili. Alichukua mstari wa Gwamaka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa zamu siku hiyo, akaupitisha wote kwa majaribio bila kuuunganisha na mwili. Ulipita safi, kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho. Akaizima mashine, akaunyoosha utepe, akaenda kunywa chai na roho yake nyeupe.

Saa ya kazi ilipofika, alisimama nyuma ya Fundi Ilomo mbele ya mashine ya zamani. Ilomo alikuwa mtu wa maneno machache aliyekuwa amepanua watu wengi kuliko alivyotaka kukumbuka. Mwili wa Gwamaka ulikuwa umeshapandishwa, umelala upande wa pili wa kioo chini ya taa, midomo ikiwa bado na rangi ya majivu.

"Nawa," Subilaga akaamuru.

Ilomo alisugua viganja vyake mara moja, akabonyeza kitufe.

Huku kunawa kunataka maelezo, kwa maana ndiko kulikoua.

Ndani ya kichwa cha mtu aliye hai, kila jambo lina chumba chake, na vyumba vyote vina ukubwa sawa. Kiu ina chumba, na mama mzazi ana chumba cha ukubwa uleule. Mafundi waliziita hizo herufi pana. Ukimhifadhi mtu katika hali hiyo anakula nafasi bila kiasi, kwa kuwa chumba cha jambo dogo kinabaki kitupu. Kwa hiyo chombo kilichoitwa Kinasa kiliyapima mambo na kuyabana. Jambo jepesi, kama kiu au muwasho mgongoni, lilipewa baiti moja. Jambo zito lilipewa mbili, au tatu, au hata nne, zikifuatana, na ile ya kwanza ikitangaza ni ngapi ziko nyuma yake. Watu wako unaowapenda, na kila kinachowagusa, hao wote walikuwa wa baiti tatu na nne.

Programu ya kurudisha upana ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya C, na ilikuwa kongwe kuliko wote waliokuwa wakiitumia. Ilisoma mstari wa mtu kwa vifungu, kwa sababu mashine ya zamani isingeweza kuushika wote kwa pamoja. Katika kusoma huko ilijiwekea akiba ndogo iliyoitwa hali, yaani kumbukumbu ya mahali ilipofikia na kitu ilichokuwa katikati yake.

Miaka mingi nyuma, mwanamke mmoja alikuwa ametoka kituoni akimlilia mume wa mtu mwingine. Masalia ya mfungwa aliyemtangulia yalikuwa yamebaki ndani ya hali, yakammwagikia yeye. Ilikuwa kashfa. Subilaga, ambaye wakati huo alikuwa mhandisi mdogo mwenye tamaa ya kupanda, ndiye aliyeleta dawa. Hali ifutwe kabisa, ijazwe sifuri tupu, kabla ya kila mtu. Wakubwa wakapenda. Akaongeza kwamba kwa usalama zaidi ifutwe pia kabla ya kila kifungu. Wakapenda zaidi. Kanuni ya Kunawa ikabandikwa ukutani, mafundi wakajizoeza kusugua viganja kila wanapobonyeza, na Subilaga akapewa ofisi yenye zulia.

Kifungu cha kwanza cha Gwamaka kilipita. Ilomo akanawa. Cha pili, akanawa. Cha tatu, akanawa. Walikuwa wamevuka nusu ya mtu taa nyekundu ilipowaka, na kwenye skrini ikatokea namba ambayo kila mtu nchini aliijua, hata asiyejua kusoma.

Hasi moja.

Ilomo alisimama na kuvua kofia, kama ilivyokuwa desturi. Hasi moja maana yake mashine imekutana na kitu ambacho si herufi, na haiendelei mbele. Mhandisi ukimuuliza angekwambia hivyo tu. Lakini mahubiri yalikuwa yameshatungwa zamani. Watu walifundishwa kwamba mashine imefungua moyo wa mtu na kukuta umeoza, na kwamba kilichooza hakirudi miongoni mwa watu. Aliyetolewa hasi moja alifutwa ghalani papo hapo. Kabla jua halijazama mwili ulipelekwa hospitali, ukagawanywa kwa wenye uhitaji wa macho, figo na ngozi. Jina lake halikutajwa nyumbani tena.

"Pole yake mama," Ilomo akasema, na kunyoosha kidole kwenye kitufe cha kufuta.

"Ondoa mkono," Subilaga alisema.

"Mhandisi?"

"Nimesema ondoa mkono hapo!"

*

Mtu yuleyule, mstari uleule, asubuhi amepita na sasa amekataliwa. Moyo hauwezi kuoza kati ya chai na saa ya kazi. Subilaga alimtoa Ilomo nje, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti chake.

Haikumchukua muda mrefu, na hilo lilimuuma baadaye kuliko vyote. Alitazama mahali mashine iliposimama. Ilikuwa imesimama kwenye baiti ya kwanza kabisa ya kifungu. Akarudi nyuma kutazama jibu la mwisho la kifungu kilichotangulia, jibu ambalo kwa miaka yote skrini haikulionyesha kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza lisionyeshwe, lisichanganye mafundi. Lilikuwa hasi mbili.

Hasi moja husema, hii si herufi. Hasi mbili husema kitu kingine kabisa: hii ni herufi, ila haijaisha, niletee iliyobaki. Mwisho wa kifungu ulikuwa umeangukia katikati ya herufi ya baiti nne. Programu ilishika baiti mbili za kwanza ikangoja mbili zilizobaki, kwa uaminifu, kama ilivyoandikwa. Kisha mkono wa fundi ukashuka, hali ikanawishwa, zile mbili zikapotea. Kifungu kilichofuata kikaanza na mkia usio na kichwa, na mkia peke yake si herufi. Hakuna kilichooza. Walikuwa wamemkata ulimi mtu aliyekuwa katikati ya kusema, halafu wakamhukumu kwa kutosema.

Akafungua kumbukumbu za mashine. Waliokataliwa walikuwa wamefutwa, ila mashine ilikumbuka iliposimama kwa kila mmoja. Wote, pasipo hata mmoja wa kumfariji, walikuwa wamesimama kwenye baiti ya kwanza ya kifungu. Lwitiko pia.

Akaelewa lililobaki, akatamani asingelielewa. Mtu wa baiti moja moja hakatiki katikati. Majambazi sugu, watu wasiomjali yeyote, walikuwa wakipita kwa mashine hiyo wakipiga miluzi. Aliyekuwa hatarini ni yule mwenye herufi nzito nyingi, kwa kuwa kila herufi nzito ilikuwa nafasi nyingine ya kuangukia kwenye mshono. Kadiri mtu alivyopenda watu, ndivyo Kanuni ya Kunawa ilivyokuwa na mahali pengi pa kumkatia.

Subilaga alizifunga kumbukumbu zile. Kisha akaenda kwa Mkurugenzi.

*

Mkurugenzi Sigala alikuwa mtu mpole. Watu wabaya kweli huwa na sauti ya kuudhi. Huyu hakuwa nayo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea glasi ya maji.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Na Ilomo?"

"Ilomo hajui kitu."

"Vizuri." Alitazama ukungu uliokuwa unapita dirishani. "Sasa sikiliza, Mhandisi. Mpanue huyo kijana. Mpanue vizuri, bila kunawa, mimi nitatazama kando. Mama yake aende naye nyumbani leo. Wiki ijayo Waziri anakata utepe, mashine mpya inaanza, hakuna vifungu, hakuna mshono, hakuna hasi moja. Tatizo limekwisha."

"Na wale wengine?"

"Wale wengine wamekwisha pia."

"Mkurugenzi, wale watu walikuwa wazima! Tumewagawa kama nyama ya harusi."

"Nimekusikia. Sasa ukiwaambia ndugu zao, atarudi nani?" Hakuinua sauti. "Kuna mtu amepona kwa macho yao, kuna mtu anatembea kwa figo zao. Unataka huyo naye asilale? Halafu usisahau sheria. Aliyedhulumiwa ndiye hutaja adhabu, na wa kwanza kufika mbele ya hakimu ndiye husikilizwa. Kanuni ile ina jina lako, haina langu. Una binti, Mhandisi. Nsajigwa, siyo? Yuko kidato cha nne?"

"Cha tano."

"Mungu amkuze."

Subilaga alikuwa anamchukia, na wakati huohuo alikuwa anamwona ana akili. Hilo ndilo lilimtia hofu. Kila neno la Sigala lilikuwa na ukweli ndani yake. Kusema kusingemrudisha mtu hata mmoja. Kunyamaza kungemtoa Gwamaka akiwa mzima, leo, kabla ya jua kuzama, na mama wa watu angempata mtoto aliyembakia. Angemtoa mmoja na kufukia kaburi la wengine kwa mkono uleule. Je, hilo si bora kuliko kutomtoa? Alilipindua jambo hilo kichwani njia nzima ya kurudi chumba cha mashine. Alipofika mlangoni alikuwa ameshakubali, na alijua amekubali kwa sababu ya Nsajigwa, wala si kwa sababu ya hoja.

"Ilomo," alisema, "rudia tangu mwanzo. Usinawe."

"Kanuni inasema..."

"Kanuni niliiandika mimi."

Ilomo alikaa na mikono yake hewani, hajui aifanyie nini. Vifungu vikapita kimoja baada ya kingine. Pale kwenye mshono, hasi mbili ilitokea kwa nukta moja kisha ikatoweka, herufi ilipokutana na nusu yake. Upande wa pili wa kioo midomo ya majivu ilianza kupata rangi.

*

Gwamaka aliamka akisikia njaa. Mama yake aliingia mbio, akaacha suruali moja njiani bila kujua, akamkamata kichwa kwa mikono miwili na kumnusa kama mtoto mchanga.

"Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo," alimwambia Subilaga, shukrani juu ya shukrani, na akapiga magoti kabisa. Subilaga alimwinua haraka. Magoti ya yule mama yalikuwa yanamchoma yeye.

"Mama, unyanyuke. Ni kazi yetu."

"Hujui, mwanangu. Wewe hujui ulichonifanyia."

Gwamaka alivaa suruali iliyobaki. Ilimtosha. Alijaribu kusimama, akayumba, akacheka kidogo kwa aibu, kisha akatazama mlangoni kama aliyetarajia mtu mwingine.

"Kaka yuko wapi? Si alitangulia kutoka yeye?"

Mama alimnyoosha pindo la suruali.

"Mama, Lwitiko yuko wapi?"

"Usilitaje jina hilo."

"Lwitiko? Kwa nini nisi..."

Kofi lilimpata shavuni kabla hajamaliza. Mtu aliyerudi duniani dakika chache zilizopita, na tayari anapigwa. "Alioza!" mama alipiga kelele. "Mashine ilimfungua ikakuta ameoza! Nilisimama kanisani mbele ya watu wote, nikasema tumbo langu halikumzaa. Nikaambiwa nirudie kwa sauti, nikarudia. Wewe unataka nirudie tena hapa?"

Gwamaka alishika shavu. Machozi yalimlengalenga, na hakuuliza zaidi. Subilaga aliona sura yake ikibadilika, aliona namna kijana anavyoanza kukubali. Kesho angesema hivyo yeye mwenyewe, kwa sauti, kwamba hakuwahi kuwa na kaka.

Hapo ndipo lilipomshinda. Hakupanga. Laiti angepata dakika ya kufikiri, angenyamaza, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

"Mama, Lwitiko hakuoza."

Akawaeleza wote wawili, kwa maneno ya kawaida, bila kujitetea. Akaeleza mstari na vifungu, herufi iliyokatwa, mkono ulioshuka. Alipofika kwenye habari za nani aliandika ile kanuni, alijitaja kwa jina. Mama alisikiliza akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha chuma.

"Kwa hiyo alikuwa mzima," hatimaye alisema.

"Alikuwa mzima, Mama."

"Na mashine ilijua."

"Ilijua hajaisha. Ilikuwa inaomba sehemu yake iliyobaki."

"Mwili wake uko wapi?"

Subilaga alishindwa kumtazama. "Uligawanywa. Jioni ileile."

Mama alitikisa kichwa polepole. Akamgeukia Gwamaka, akampangusa shavu alilompiga. Kisha akanyanyuka, akamwambia mwanawe wanaondoka, na alipofika mlangoni akauliza, kwa heshima tupu, ofisi ya hakimu iko upande gani.

*

Sigala hakuguswa. Alitoa taarifa asubuhi yake, akasema kituo kimesikitishwa na kosa la mtumishi mmoja. Familia za wote waliokataliwa zilipewa gunia la mbegu ya viazi kila moja, na kibali cha kupanda msimu mmoja. Wengi walipokea. Waziri alikuja, akakata utepe, watu wakala pilau.

Hakimu alikuwa kijana mwenye haraka. Alimuuliza mama, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kufika, anataja adhabu gani.

"Sitaki afe," mama alisema.

"Sema unachotaka."

"Nataka abanwe. Akae miaka ileile aliyokaa Lwitiko. Ikiisha apanuliwe." Alimtazama Subilaga, na jicho lake halikuwa na hasira hata kidogo. Afadhali lingekuwa nayo. "Lakini asipitishwe kwenye hiyo mashine mpya. Mnitunzie ile ya zamani. Apite alikopita mwanangu. Na kwa kila kifungu fundi anawe."

Gwamaka alisimama nyuma. "Mama, huyu ndiye aliyenitoa. Na ndiye aliyekwambia ukweli. Asingesema, nani angejua?"

"Ndiyo," mama alijibu. "Nisingejua. Ningekufa nikiwa mama wa mtoto mmoja, mjinga, na ninalala usingizi. Amesema akapumua, akaniachia mimi. Keti chini, mwanangu."

Hakimu aliona ombi liko ndani ya sheria. Ile mashine ya zamani ikafunikwa turubai, ikatunzwa kwa ajili ya mtu mmoja.

*

Kabla ya kubanwa, mtu alikaa mahabusu wiki kadhaa akifanyiwa vipimo, na Subilaga alizitumia wiki hizo kwa hesabu. Hakuna aliyeijua mashine ile kama yeye. Mishono isingesogea. Kilichoweza kubadilika ni yeye. Herufi nyepesi hazikatiki. Mtu ambaye ndani yake kuna kiu, baridi na ukuta wa rangi ya maziwa anapita salama hata ukimnawisha kutwa kucha. Kinasa hupima uzito ulionao jambo siku ile linaponaswa, basi ilimpasa kufika siku hiyo akiwa mwepesi.

Alianza na mama yake aliyekwisha kufariki. Kila alipomjia kichwani alihesabu vigae vya dari. Kisha mume aliyemwacha, ambaye hakumpa shida kubwa. Kisha nyumba ya Tukuyu, mvua yake, harufu ya majani ya chai yanapokaushwa. Aliyabandua moja moja kama mtu anayejichuna ngozi, na usiku akilala aliota yamerudi yote.

Nsajigwa alikuja na uji kwenye chupa. Alikuwa ametoka shuleni bila ruhusa, soksi zina tope. Subilaga alizungumza naye akiutazama mlango. Mara ya pili alimwambia asije tena.

"Nimefanya nini, Mama?"

"Hujafanya kitu. Usije tu."

"Unaona aibu? Mimi sioni aibu. Waache waseme, mimi nawajibu."

"Nsajigwa, nenda shule."

Mara ya tatu hakutoka kabisa kwenda kumwona. Alikaa ndani ameshika masikio, akisema kiu, baridi, ukuta, kiu, baridi, ukuta, mpaka askari alipomwambia kwamba msichana ameondoka. Alitaka kumweleza. Angemweleza, wangelia pamoja, na kilio hicho peke yake kingekuwa herufi nzito za kutosha kumuua. Ningali nakupenda, ndiyo maana nakufukuza: aliyatunga maneno hayo, akayaogopa, akahesabu vigae.

Siku yenyewe walimlaza kwenye kitanda cha chuma wakamfunga mikanda. Kinasa kilishuka juu ya kichwa chake. Nyuma ya kioo kulikuwa na benchi la ndugu, na Nsajigwa alikuwa amekuja, kwa kuwa sheria ilimruhusu na kwa kuwa alikuwa mkaidi kama mama yake. Alikuwa amesimama karibu sana na kioo. Subilaga alimwona kwa pembe ya jicho, akakaza macho kwenye taa.

Fundi wa zamu alikuwa Ilomo. Hakumsalimu. Kabla ya kunasa, fundi huuliza maswali machache ya kurekebishia kipimo, na majibu husikika pande zote mbili kwa kipaza sauti, ili ndugu washuhudie kwamba mtu wao hakuteswa.

"Jina lako?"

"Subilaga Mwaisumo."

"Unasikia kiu?"

"Nasikia."

Ilomo alitazama sindano ya kipimo. "Baiti moja," alijisemea, akaingiza. Akaendelea. "Una mtoto?"

Subilaga alikuwa amelifanyia mazoezi swali hilo kuliko mengine yote. Alivuta pumzi, akaiachia taratibu.

"Sina."

Alilisema vizuri. Sauti haikutetemeka, wala jicho halikucheza. Sindano ilikuwa imeruka mpaka mwisho wa kipimo na ilikuwa bado huko, ikigongagonga chuma.

"Baiti nne," Ilomo alisema kimoyomoyo, akaingiza.

Kipimo kilikuwa kimeelekezwa kwa fundi peke yake. Kutoka nyuma ya kioo sindano haikuonekana, jibu la Subilaga tu ndilo lililosikika. Subilaga alipogeuza shingo, mara hii bila kujizuia, Nsajigwa alikuwa ameshachukua mkoba wake wa shule na anafungua mlango wa kutokea.